Rafiki wa Marehemu Hana Mkeka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Msiba na Ufufuo

Barua tulizozichagua mwezi huu zote zimeandikwa na watu waliofiwa na marafiki, si ndugu. Maandiko tunayonukuu ni ya Biblia ya Union, ile ambayo wengi mnayo nyumbani.

Bwana Yesu asifiwe. Rafiki yangu, ambaye urafiki wetu ulikuwa wa miaka 19, amefariki kwa shinikizo la damu. Tulisoma pamoja, kisha tukauza vitambaa meza moja sokoni. Msibani ndugu zake walikaa ndani na mama yao, mimi nikawa jikoni nyuma ya nyumba naosha masufuria. Watu wote waliwapa pole ndugu, mimi hakuna aliyenikumbuka. Jumapili iliyofuata nililia ibadani, mzee mmoja wa kanisa akaniambia Mkristo halii hivyo kwa sababu tuna tumaini la ufufuo. Je, nimekosea? Na hilo tumaini nalishikaje, maana kwa sasa nalisikia kama maneno tu?
*Msomaji, Iringa*

Pole sana, dada yetu. Tumeanza na pole kwa sababu ndiyo uliyonyimwa.

Msiba kwetu una wenyewe. Kuna mfiwa wa kwanza, wa pili, kuna mashemeji na wajomba, na kila mmoja ana mahali pake pa kukaa. Rafiki hana mkeka. Anahesabiwa miongoni mwa wasaidizi: anabeba viti, anapika, anaandika majina kwenye daftari la rambirambi, na matanga yakiondolewa anarudi kwake akiwa hajalia. Huzuni hiyo haipungui kwa kuwa haina jina la ukoo. Maombolezo ya Daudi katika 2 Samweli 1:19-27 yanawataja watu wawili, mfalme Sauli na Yonathani, lakini mstari wa 26 ni wa Yonathani peke yake: "Nimesikitika kwa ajili yako, Yonathani, ndugu yangu." Hawakuwa ndugu wa tumbo moja. Na pale Bethania Yesu mwenyewe alimtaja marehemu kwa neno hilohilo lako: "Rafiki yetu, Lazaro, amelala" (Yohana 11:11).

Sasa tumjibu mzee wako kwa heshima. Bila shaka alikuwa na 1 Wathesalonike 4:13 kichwani, ila aliishia katikati ya sentensi. Paulo hakuandika "msihuzunike" akaweka nukta. Aliandika "msije mkahuzunika *kama na wengine wasio na matumaini*." Kinachokatazwa ni aina moja ya huzuni, ile isiyotarajia chochote tena. Stefano alipouawa, waliomzika walikuwa "watu watauwa", na Matendo 8:2 inasema walimfanyia maombolezo makubwa. Makubwa, wala hakuna mtume aliyewakemea. Yesu alilia akielekea kaburini, akijua kabisa kwamba baada ya dakika chache Lazaro angetoka. Kama kujua ufufuo kungefuta machozi, yeye ndiye wa kwanza ambaye hakupaswa kulia.

Swali lako la pili, la kulishika tumaini, lina kazi ndani yake. Mfiwa hafarijiwi na mada. Hufarijiwa na kipande kidogo cha maneno anachokirudia mpaka kinazoea mdomo wake. Fanya hivi kwa siku saba, wakati uleule kila siku, dakika 10 zinatosha, na usome kwa sauti. 1 Wakorintho 15 ina mistari 58. Siku ya kwanza soma 1-11, ya pili 12-19, ya tatu 20-28, ya nne 29-34, ya tano 35-49, ya sita 50-58. Siku ya saba soma Yohana 11:1-44 yote kwa mkupuo. Kila siku nakili mstari mmoja tu kwa mkono wako, pengine ule wa 26: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Uangalie vizuri mstari huo. Mauti anaitwa adui. Haitwi mjumbe wala mlango, na kwa hiyo huna deni la kuyapenda yaliyotokea.

Watu hukwama mahali pawili. Mstari wa 29, ule wa kubatizwa kwa ajili ya wafu, umewasumbua wafafanuzi karne nyingi. Uruke, utaurudia ukiwa na nguvu. Halafu wapo wanaoanza na Ufunuo kwa sababu wanatafuta mbingu. Wanakutana na mihuri, baragumu na mnyama, usingizi unapotea, wanafunga kitabu. Kama unataka Ufunuo, soma 21:1-5 na usimame hapo.

Kwa siku ambazo tumaini haliji kabisa, tumia Zaburi 13. Ina mistari sita tu na imegawanyika vizuri: mistari miwili ya kulalamika ("hata lini?"), miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Andika ya kwako kwa mpangilio huo, ukitaja jina la rafiki yako na jambo moja halisi, kwa mfano saa mbili asubuhi meza inapofunguliwa na kiti cha pili kiko wazi. Kosa la kawaida ni kukimbilia mistari miwili ya mwisho ili maombi yaonekane ya kiroho. Ikiwa leo umefika kwenye malalamiko tu, ishia hapo. Zaburi 88 nayo haikufika kwenye sifa: mstari wake wa mwisho unalia kwamba mpenzi na rafiki wametengwa, kisha giza, basi. Nayo imo ndani ya Biblia.

Na mwili wako pia una zamu. Eliya alipotaka kufa (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo safari ikaendelea. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali siku hiyohiyo na mwambie mtu mmoja wa karibu. Shirika la Afya Duniani linatambua huzuni ya msiba iliyogeuka ugonjwa pale inapomlemaza mtu kwa zaidi ya miezi 6, lakini mawazo ya kujiua hayasubiri miezi. Atakayekuambia dawa ni upungufu wa imani, mwonyeshe ule mkate wa Eliya.

Tukifufuliwa tutajuana? Mchungaji wetu husema tutakuwa kama malaika, na mimi nikisikia hivyo naona kama rafiki yangu nimempoteza mara mbili.
*Msomaji, Kisumu*

Habari ya malaika inatoka Marko 12:25, na hoja pale ilikuwa ndoa: kwamba hawataoa wala kuolewa. Haikuwa kusema tutafutwa sura. Ukitaka kujua ufufuo unamfanya nini mtu, mtazame Yesu, aliyekwisha kufufuka. Mariamu Magdalene alidhani ni mtunza bustani mpaka alipoitwa jina lake. Wale wawili wa Emau walitembea naye njia nzima bila kumtambua, wakamjua alipoumega mkate. Tomaso alionyeshwa alama za misumari. Kwa hiyo yapo mabadiliko, tena makubwa kiasi cha kuwachanganya waliomzoea, lakini sauti, mkono unavyomega mkate, hata kovu, vilibaki vyake. Na Luka 24:42-43 inataja alichokula: kipande cha samaki wa kuokwa.

Wathesalonike walikuwa na hofu inayofanana na yako. Walidhani wenzao waliokufa kabla Bwana hajarudi wameikosa siku yenyewe. Paulo akawajibu kwamba hao ndio watakaotangulia kufufuliwa, kisha walio hai watachukuliwa "pamoja nao" kumlaki Bwana. Yapige mstari maneno hayo mawili. Faraja ya barua ile yote imekaa kwenye *pamoja nao*. Na kumlaki mtu unakujua: ni kutoka kundi zima kwenda kumpokea mgeni njiani, kama ndugu wa Rumi walivyokuja kumlaki Paulo mpaka Soko la Apio.

Rafiki yangu alizama ziwani mtumbwi ulipopinduka, na mwili haukuonekana. Wazee wa familia yake wanasema hatuwezi kufanya ibada kwa kuwa hakuna cha kuzika. Na mimi nabaki nikijiuliza, atafufuliwaje mtu aliyeliwa na samaki?
*Msomaji, Musoma*

Pole sana, kaka. Msiba usio na kaburi ni mzito kuliko mwingine, kwa sababu akili hukataa kufunga hesabu. Usijishangae ukiendelea kumtafuta kwa macho mwaloni.

Swali la "wafufuliwaje wafu?" lilikwisha kuulizwa Korintho, na Paulo alijibu kwa mbegu: "huupandi mwili ule utakaokuwa, ila chembe tupu." Nenda shambani ulifanye jaribio hilo. Panda punje ya mahindi kina cha sentimita 5, mvua ikiwepo ifukue siku ya saba au ya nane. Ganda limelegea, ule wanga mgumu umekuwa uji mweupe kama maziwa, ukiubonyeza unatoka. Punje imeharibika. Hapohapo pembeni mzizi umeshuka na chipukizi limepanda. Hakuna mkulima anayeikusanya punje ile ili apate mhindi, na hakuna anayesema mhindi ule umetoka mahali pengine. Ufufuo haumhitaji Mungu aokoteze mifupa ziwani. Unamhitaji Mungu amjue rafiki yako. Aliyemwita Lazaro siku ya nne, dada yake akiwa amekwisha kusema "ananuka", hazuiwi na kuoza wala na samaki. Ufunuo 20:13 unaitaja bahari kwa jina: itawatoa wafu waliomo ndani yake. Hata Kanisa Katoliki, ambalo kwa muda mrefu lilikataa kuchoma maiti, liliruhusu mwaka 1963, mradi isiwe kwa nia ya kuukana ufufuo. Hali ya mabaki haiamui kitu.

Mnapotumia Paulo, msiteleze kwenye "mwili wa roho" wa mstari wa 44 mkadhani maana yake ni kivuli. Bado anasema mwili. Ni mwili unaoendeshwa na Roho wa Mungu, kama huu wetu unavyoendeshwa na pumzi na chakula.

Kuhusu ibada, makanisa mengi yana utaratibu wa ibada ya kumbukumbu isiyo na jeneza. Mwone mchungaji au padri pamoja na mzee mmoja wa familia anayesikilizwa, usiende peke yako. Kwanza hakikisheni taarifa imefika polisi na serikali ya mtaa au kijiji, kwa sababu kumthibitisha marehemu bila mwili huwa na hatua zake kisheria, na mjane atazihitaji kwa mirathi. Wekeni tarehe moja, msiiahirishe kusubiri mwili. Chagueni mahali patakapobaki: jiwe lenye jina na miaka, au mti kwenye kiwanja cha nyumbani. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 wapo ambao hawakupatikana, na makaburi ya Igoma jijini Mwanza yamekuwa mahali pa kuwakumbuka wote, waliozikwa pale na wasiozikwa. Watu huhitaji mahali pa kusimama. Ibada yenyewe iwe fupi: somo (Ufunuo 20:13 liwemo), jina lake lote litajwe, mtu mmoja aeleze maisha yake, wimbo, baraka. Kisha chakula.

Rafiki yangu mpendwa alikuwa Mwislamu. Nilifika Tanga nikakuta ameshazikwa. Wenzangu wa maombi wananiambia nisijidanganye na habari za ufufuo kwa mtu wa aina hiyo. Nimeumia sana.
*Msomaji, Moshi*

Pole, mama. La kuchelewa usilibebe: kwa Waislamu kumharakishia maiti maziko ni kumheshimu, mara nyingi siku hiyohiyo. Familia haikukuficha.

Hatutakulainishia imani. Wakristo tunaamini ufufuo umo ndani ya Kristo, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima", na hatuna mlango wa pembeni wa kumuuzia mtu. Lakini wenzako wamekalia kiti kisicho chao. "Msihukumu neno kabla ya wakati wake, hata ajapo Bwana," anasema Paulo (1 Wakorintho 4:5). Abrahamu aliposimama kuwaombea watu wa Sodoma, ambao hawakuwa na sifa yoyote, alishika neno moja: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Shika hilo. Ukitaka sala ya maneno machache, liseme hilo, kisha taja jina la rafiki yako na unyamaze. Hapa madhehebu yanatofautiana: Wakatoliki huwaombea marehemu, na tarehe 2 Novemba ni siku yao, Waprotestanti wengi humshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwaombea walio hai. Fuata kanisa lako bila kumcheka mwingine.

Nenda ukawaone watu wake. Vaa nguo ya kufunika na mtandio, kaa na wanawake, kula ukikaribishwa, usihubiri. Mtakuta mna neno moja kinywani, tofauti na mnavyodhani. Hilo *kiyama* tunalolitumia pande zote mbili limetoka kwenye Kiarabu cha kusimama, na neno la Kigiriki la Agano Jipya, *anastasis*, nalo ni kusimama tena.

Tuligombana miezi miwili kabla hajafa. Alinitumia ujumbe wa sauti, sikuufungua kwa hasira. Sasa naogopa kuufungua, na naogopa kuufuta. Tena nilikuwa na deni lake la shilingi 180,000.
*Msomaji, Morogoro*

Tuanze na rahisi. Deni halikufa naye. Lilipe kwa anayesimamia mirathi, au mjane, mbele ya shahidi mmoja, na muandikishiane. Usiligeuze rambirambi, rambirambi ni sadaka, deni ni haki yao.

Ujumbe wa sauti uhamishe leo kabla ya kuusikiliza: utume kwenye barua pepe yako mwenyewe au uweke kwenye kadi ya kumbukumbu. Simu huibiwa. Laini ya marehemu nayo isipotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Siku moja unafungua mazungumzo yenu unakuta picha ya mgeni kabisa anacheka. Ukishauhifadhi, chagua siku na mtu wa kukaa naye. Usikilize mara moja, mchana, si usiku ukiwa kitandani. Wengi wanaoogopa ujumbe kama huo hukuta mtu anaomba namba ya fundi bomba. Ikiwa ni maneno makali, basi umeyasikia ukiwa na mtu pembeni.

La ugomvi: andika ukurasa mmoja wa yale ambayo ungemwambia, lakini kichwa cha barua kimwelekee Mungu, kwa sababu yeye ndiye anayesikia pande zote mbili. Sema ulichokosea wewe, kwa kitendo, si "nisamehe yote". Kisha sema alichokukosea. Watu huiruka sehemu hii wakidhani marehemu hasemwi, na hasira inabaki ndani ikioza. Tumaini la ufufuo lina uzito hapa kuliko mahali pengine popote: ukiamini kwamba mtasimama tena mbele ya mmoja aliyewafia wote wawili, mazungumzo yenu yamekatika, hayajafungwa.

Familia imeniomba nitoe neno la marafiki kwenye kuaga mwili, kesho kutwa. Niseme nini?
*Msomaji, Mbeya*

Dakika tatu. Ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa kwa mkono, mistari imeachana. Jitambulishe na mlivyofahamiana, sentensi moja. Simulia tukio moja dogo ambalo familia hailijui. Sema utakachokikosa. Soma mstari mmoja, Yohana 11:11 unafaa. Kaa. Nakala ya pili mpe mtu atakayesimama karibu nawe, sauti ikikatika aendelee yeye.

"Tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi" uiache nyumbani. Mtoto wa marehemu anaisikia hivi: Mungu amemchukua baba yangu kwa kuwa anampenda. Vilevile "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa": Ayubu aliyasema mwenyewe juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na mgeni aliyeshika kipaza sauti. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na huko ndiko walikofanya vizuri. Waliharibu walipoanza kueleza.

Umepita mwaka. Sitaki kumsahau, ila sioni la kufanya zaidi ya kuweka picha yake kwenye *status* kila mwezi.
*Msomaji, Bukoba*

Kama usharika wenu hufanya ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, hiyo ndiyo siku yako. Wamoraviani waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732: watu husimama katikati ya makaburi kungali giza, wanaimba mpaka jua linachomoza. Hata kama kanisa lako halina, mnaweza kwenda watatu au wanne na mshumaa na Yohana 20:1-18. Fikeni nusu saa kabla ya jua, mwombeni ruhusa mlinzi siku iliyotangulia.

Halafu tazama alichofanya Daudi. Miaka baada ya kifo cha Yonathani aliuliza: amesalia nani, "nipate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani?" (2 Samweli 9:1). Akapatikana Mefiboshethi, mtoto aliyekuwa na miaka mitano habari ya kifo cha baba yake ilipofika, yaya akakimbia naye, akaanguka, akalemaa miguu. Daudi akamrudishia mashamba na kumpa nafasi mezani pake, si siku moja, daima.

Ikiwa rafiki yako ameacha mtoto, chagua kitu kimoja chenye jina na kiasi unachoweza kukirudia miaka mitano bila kukopa. Viatu vya shule. Madaftari 12 kila Januari. Mkubaliane na mlezi wake, mpe mlezi mwenyewe, na kaka au dada wa marehemu ajue, ili msaada usizue maneno. Usirudie ile ahadi ya juu ya kaburi, "huyu nitamsomesha mpaka chuo kikuu". Tumeiona ikisemwa na watu wa kweli kabisa, na mtoto akaisubiri. Na kila unapopeleka viatu, mwachie jambo moja kuhusu baba yake. Alivyokuwa akipiga mluzi akikosea hesabu, kwa mfano. Vipimo vya mguu chukua Desemba, kwa kuuchora juu ya karatasi akiwa amesimama, uache nafasi ya kidole kimoja mbele.